Toleo Jipya la Sauti ya Mama

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Pembe zake zimekatika, rangi imekwisha, na ukiulalia unaamka na alama zake mgongoni. Hata hivyo ni wako, na kila ukihitaji kuketi unaukuta palepale ulipouacha. Msala ni mkeka mzuri uliosukwa kwa ajili ya sala, lakini huo uliotajwa na wahenga unapita tu, uko begani mwa mtu anayekwenda zake, na mtu huyo hajasema kwamba atakupa. Wahenga waliotukataza kuacha mbacha kwa ajili yake hawakusema kuwa msala ni mbaya. Ni mzuri sana, na ndiyo maana watu wanapotea.

Kijana ninayetaka kusimulia habari zake aliijua methali hiyo barabara. Alipokuwa shuleni aliiandikia insha, akapata alama za juu, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima. Ole wake! Kuijua methali ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine kabisa.

Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Dada yake mkubwa, aliyekuwa fundi cherehani, alimwita Mhandisi, mara chache kwa kumsifu na mara nyingi kwa kumtania, na jina likamganda. Waliishi na mama yao katika nyumba yenye ukuta wa kijani uliobambuka upande wa jua. Dada alishona barazani, na Mhandisi alikwenda kila asubuhi katika ofisi iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, ambako harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi.

Mama yao alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Kipaza. Tangu ujana wake mpaka alipostaafu alikuwa mtangazaji wa kituo kikuu cha mabasi. Yeye ndiye aliyewaambia abiria basi lipi limefika, lipi limechelewa, na mtoto wa nani ameokotwa akilia karibu na vyoo. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, tulivu, na alizivuta silabi za mwisho kama mtu asiye na haraka na asiyetaka wengine wawe na haraka. Watani wa mtaani walisema kuwa Mama Kipaza akiwaita wanawe waje kula, majirani huanza kutafuta mizigo yao.

Sauti hiyo haikuhifadhiwa popote. Matangazo ya kituo yalisemwa papo kwa papo, yakaruka hewani, yakaisha. Na simu zilipokuja na mtindo wa kutumiana ujumbe wa sauti, mama yule alikataa katakata.

"Nimesema na watu nisiowaona maisha yangu yote," aliwaambia wanawe. "Sasa niseme na kitu kisichojibu? Ukinitaka nipigie simu tuongee, au njoo."

Maradhi yalipomjia, yalipitia mlango uleule wa riziki yake. Yalianza kama kikohozi cha vumbi, yakawa ukavu usiotibika kwa maji ya moto wala asali, na mwishowe akapelekwa kwa daktari wa koo. Daktari alikuwa mwanamke mpole asiyependa maneno ya kuzunguka. Aliwaketisha wote watatu, akamtazama mgonjwa mwenyewe wala si watoto wake.

"Mama yangu, una uvimbe kwenye kikoromeo, hapa sauti inapotokea," alisema. "Tukiuacha utaenea. Tukiuondoa, itabidi tukiondoe kikoromeo chote. Maisha yako tutayaokoa. Sauti hatutaweza."

Mhandisi alikaza macho kwenye kalenda ya ukutani asione chochote.

"Na kupiga chafya nitaweza?" Mama Kipaza aliuliza.

Daktari alishindwa kujizuia, akacheka. "Utaweza, Mama."

"Basi si haba," alisema mama, akajitanda vizuri khanga yake mabegani. Lakini walipofika nyumbani aliingia chumbani kwake akafunga mlango, na dada mtu alisimama nje ya mlango ule muda mrefu bila kubisha.

Upasuaji ulisubiri kitanda kipatikane. Waliambiwa huenda ikachukua wiki kadhaa, huenda ikawa mapema zaidi, na kwamba wakae tayari, wataitwa. Hapo ndipo Mhandisi alipomwahidi mama yake jambo ambalo alilikusudia kwa moyo wake wote.

"Mama, sauti yako haiendi popote," alisema. "Nitaiweka kwenye kompyuta. Baada ya upasuaji ukitaka kusema, utaandika kwenye simu, nayo itasema kwa sauti yako."

"Yangu mimi? Si ya yule dada wa benki anayesema bonyeza moja?"

"Yako wewe, Mama."

"Haya, mwanangu. Nitasema na kitu kisichojibu, kwa ajili yako."

Mhandisi alikuwa na programu moja kuukuu iliyoitwa Kinasa. Ilikuwa na sura mbaya, ya kijivu, na herufi zake zilikuwa kubwa kama za bango la mnada. Iliandikwa zamani kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na kama programu nyingi za aina yake ilitaka Python ya toleo lake, si ya toleo jingine. Python iliyokuwa kwenye kompyuta ya mkononi ya Mhandisi, aliyokwenda nayo kazini na kurudi nayo, nayo ilikuwa ya zamani, hivyo viwili hivyo vilipatana kama pacha. Kazi ya Kinasa ilikuwa kumwonyesha msomaji sentensi kwenye skrini, kumrekodi akiisoma, kisha kuleta nyingine. Sentensi zikishakuwa nyingi, iliziunganisha ikatengeneza sauti inayoweza kusema jambo lolote.

Basi kila alasiri, Mhandisi akitoka kazini, dada alisimamisha cherehani yake. Wateja walisubiri barazani kimya, wengine wakiwa na nguo zenye sindano. Mama Kipaza alivaa miwani, akaketi mbele ya maikrofoni, akaweka mgongo wima kama alivyokuwa akiketi kituoni. Alisoma vizuri, ila alikuwa mgomvi.

"'Paka amenunua viatu vyekundu sokoni,'" alisoma siku moja, kisha akavua miwani. "Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mama, soma tu. Wanataka sauti za herufi zote."

"Nimetangaza mabasi miaka yote hiyo, sijawahi kumdanganya abiria. Leo nimsingizie paka?"

Wateja barazani walicheka, na kicheko kikaingia kwenye rekodi. Ikabidi paka arudiwe. Pamoja na vituko hivyo kazi ilikwenda, na baada ya siku si nyingi Mhandisi akaijaribu sauti ya kwanza. Aliandika maneno machache, akabofya. Kompyuta ikasema, "Habari za asubuhi, wanangu." Ilikuwa sauti kavu, kama ya mtu anayesema akiwa ndani ya pipa, na haikupanda wala kushuka pale ilipopaswa. Lakini zile silabi za mwisho zilivutwa. Dada mtu aliangusha mkasi.

"Ni Mama," alisema. "Mdogo wangu, ni Mama huyu!"

Mama Kipaza alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha. "Nimepata mafua," alisema, "lakini ni mimi." Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari alikula chakula chake chote.

Laiti Mhandisi angaliishia hapo. Angaliendelea na Kinasa chake chenye sura mbaya mpaka siku ya kuitwa, leo hadithi hii ningeisimulia kwa furaha. Lakini mtu mwenye ujuzi ana ugonjwa wake, nao ni kutoridhika na kitu kinachofanya kazi.

Siku moja akiwa ofisini alisoma habari za programu mpya ya kutengeneza sauti. Akasikiliza mfano wake, akashangaa. Sauti ile ilipumua. Ilisita kabla ya neno gumu, na palipokuwa na mzaha ilitabasamu, na wewe ulilisikia tabasamu lenyewe. Mhandisi aliirudia mara nyingi hadi wenzake wakamtazama. Alimwona mama yake akizungumza hivyo mezani, akitania, akiwakaripia, na moyo ukamwenda mbio. Kinasa akakiona takataka.

Programu ile mpya haikuwa na vitufe vya kubofya. Ilitumiwa kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ya kila siku. Aliipakua kwenye kompyuta yake, akaandika amri, akabonyeza. Jibu lilikuja mara moja: programu hii inahitaji toleo jipya zaidi la Python, toleo lililopo ni la zamani.

Kwenye meza ya jirani aliketi mwenzake waliyemwita Mkongwe, kwa sababu alikuwa ofisini hapo kabla ya viti. Mhandisi akamweleza.

"Hilo si jambo kubwa," Mkongwe alisema. "Lakini nisikilize. Hiyo Python ya zamani usiiguse. Kompyuta yenyewe inaitumia kwa mambo yake ya ndani, si hizo programu zako tu. Iweke mpya pembeni, halafu ipe programu yako chumba chake, ikae humo na Python yake na vikorokoro vyake. Ile ya zamani iache na chumba chake. Hawatagombana."

"Diski yangu imejaa. Hii programu ni nzito, na nina rekodi za Mama humo."

"Rekodi za Mama ndizo za kwanza kutunzwa. Ninayo diski ya nje nyumbani, haina kazi. Nitakuletea kesho."

"Kesho?"

"Kesho, bwana. Kwani nyumba inaungua?"

Mhandisi aliitikia kwa kichwa, lakini kesho aliiona mbali. Sauti iliyopumua ilikuwa bado masikioni. Alitoka kazini mapema, akaketi mezani nyumbani kabla mama hajaamka kutoka usingizi wa mchana. Akafungua folda ya rekodi, akasikiliza mbili tatu. Katika moja mlango uligonga. Katika nyingine kulikuwa na kikohozi, na katika ya paka kulikuwa na kicheko cha wateja. Akajiambia kuwa programu mpya inataka sauti safi, kwamba haya mama atayasoma upya, vizuri zaidi, katika utulivu. Na nafasi ilihitajika. Akazifuta zote, kisha akamwaga na kapu la taka la kompyuta.

Halafu akaigeukia Python ya zamani. Mbili za nini katika nyumba moja? Akaandika amri ya kuiondoa. Kompyuta, ambayo ilikuwa na busara kuliko mwenyewe siku ile, ikamwandikia kila kitu kitakachoondoka pamoja nayo, majina mstari kwa mstari yakipanda juu ya skrini, na mwisho ikamuuliza kama ana hakika. Hakusoma. Akajibu ndiyo.

Python ikang'oka na kila kilichoishikilia. Dirisha likatoweka, picha zikatoweka, mtandao ukakatika, na alipoizima na kuiwasha ikabaki skrini nyeusi yenye kistari kimoja kinachopepesa. Kinasa nacho kikaenda na maji, na ile sauti ya kwanza pamoja nacho.

Mama Kipaza akatokea mlangoni, miwani mkononi. Barazani cherehani ilikuwa imeshanyamaza.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Leo pumzika. Kuna kitu kizuri zaidi nakuandalia. Tutaanza upya."

"Upya? Na yale niliyosoma?"

"Hayo hatuyahitaji tena."

Mama alimtazama kidogo, kisha akakunja miwani yake. "Haya. Wewe ndiwe unayejua," alisema, akarudi chumbani. Alimwamini mwanawe kama abiria walivyomwamini yeye.

Asubuhi yake Mkongwe alikuja na diski ndani ya mfuko wa karatasi. "Hii hapa," alisema. "Umefikia wapi?"

Hapo ndipo Mhandisi alipopaswa kusema. Neno moja tu lingetosha: nimeharibu. Lakini aibu ilimfunga mdomo. Ataanzaje kumwambia mtu aliyemwonya jana kwamba onyo halikufika hata jioni? "Nilipata nafasi," alijibu. "Nimeshamaliza, kaka. Ahsante." Mkongwe akaitia diski yake mkobani.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso ya kujitakia. Alisakinisha mfumo mzima wa kompyuta upya, juu ya ule uliokufa. Akaweka Python iliyo mpya kuliko zote, ya juzi tu, akaandika amri ya programu. Ikakataa tena. Safari hii toleo lilikuwa jipya mno, na baadhi ya vipande vya programu vilikuwa havijazoea. Akashuka toleo, kipande kimoja kikakubali na kingine kikagoma. Alipokiridhisha kile kilichogoma, cha kwanza kikabadili nia. Alijaribu angalau kukirudisha Kinasa, nacho kikasema hakiitambui Python hii. Alikuwa ameliacha la kale na la kisasa halikumtaka.

Dada yake alikuwa akimtazama kutoka barazani. Siku moja aliingia, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Mhandisi, wiki inaisha Mama hajasoma. Tumrekodi basi hata kwa simu yangu."

"Dada, simu inabana sauti. Programu hii inaiga kila kitu inachosikia. Ukiipa kibaya itajifunza kibaya."

"Ila ukiipa hewa itajifunza nini?"

"Nipe mpaka kesho kutwa. Nimekaribia."

"Umekaribia tangu Jumatatu," alisema dada, akatoka. Cherehani ilinguruma kwa hasira, mshono mmoja mrefu usio na kituo.

Kilichowauma zaidi baadaye ni kwamba katika siku zile mama alipunguza kuongea. Hakuwaita tena watoto wa jirani waliokanyaga maua yake, na alipotaka chumvi alionyesha kwa kidole. Binti yake alipomuuliza kama koo linauma, alitikisa kichwa. "Naitunza," alinong'ona, "kwa ajili ya kusoma." Lakini sauti haikutunzika. Kila asubuhi salamu yake ilikuwa nyembamba kuliko ya jana, na Mhandisi aliisikia, akainamia kibodi kwa nguvu zaidi, kana kwamba kuchapa haraka kungemzuia mgonjwa asidhoofike.

Simu ya hospitali ilipigwa asubuhi moja wakiwa wanakunywa chai. Kitanda kimepatikana, mgonjwa aje leo, upasuaji ni kesho alfajiri. Mhandisi alisimama, akaketi, akasimama tena. Kompyuta yake ilikuwa mezani, imefunguka, ikionyesha kosa jingine jipya.

Wakiwa kwenye benchi la wodi, dada hakuomba ruhusa ya mtu. Alitoa simu yake, akaanza kurekodi, akaishika karibu na mdomo wa mama. "Mama, sema chochote. Tangaza basi."

Mama Kipaza aliuweka mgongo wima. Akafungua kinywa kuwatangazia abiria wake kama zamani, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, pumzi na mkwaruzo tena, kama mlango wa bati unaoburutwa kwenye saruji. Silabi za mwisho hakuzivuta, kwa sababu hazikufika. Alijaribu kwa muda mrefu. Wagonjwa wa jirani waliacha mazungumzo yao wakamtazama. Alipochoka alimgeukia mwanawe, ambaye alikuwa amesimama ukutani.

"Inatosha, baba?" alimuuliza kwa mnong'ono.

"Inatosha, Mama," Mhandisi alijibu, naye alijua kwamba anasema uongo. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mwisho ya mdomo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alitimiza alichoahidi, maisha yakaokolewa. Mhandisi alirudi ofisini akiwa amekonda, akamsogelea Mkongwe, akamweleza yote tangu mwanzo bila kujitetea. Mkongwe hakumkaripia. Aliivuta kompyuta karibu, akaweka Python moja hapa na nyingine pale, kila moja katika chumba chake, akachagua toleo lile hasa ambalo programu ililitaka. Kazi hiyo aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Programu mpya ikakubali amri kwa mara ya kwanza. Kisha walijaribu kuzifukua rekodi zilizofutwa, lakini mfumo mpya ulikuwa umeshaandikwa juu yake. Vilivyofufuka vilikuwa vipande vipande, nusu ya neno hapa na pumzi pale, na kicheko cha mteja mmoja wa cherehani, kizima.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" Mkongwe aliuliza. "Zilikuwa bado zinapatikana siku ile."

"Niliona haya, kaka."

Mkongwe alishusha pumzi, akaanza kupanga vitu vya mezani ambavyo vilikuwa tayari vimepangika.

Hakukuwa na sauti nyingine ya kuipa programu isipokuwa ile ya kwenye simu ya dada. Wakaipa hiyo. Na tuwe wakweli, programu ilikuwa hodari kama ilivyosifiwa. Ilijifunza upesi, haikukosea hata kidogo, na siku Mama Kipaza aliporudi nyumbani ilikuwa tayari.

Mama aliketi kitini pake, bandeji shingoni, ubao mdogo wa kuandikia mapajani. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale. Alipomwona mwanawe akija na kompyuta alitabasamu, akafuta ubao kwa kiganja kama mtu anayesema sitauhitaji tena huu. Akamwashiria dada naye aje, akavaa na miwani, ingawa hapakuwa na kitu cha kusoma.

Mhandisi alitaka kuahirisha. Alitaka kusema kwamba bado, kwamba kesho kutwa. Lakini mama alikuwa akisubiri, mgongo wima. Akaandika salamu fupi, akabofya.

"Habari za asubuhi, wanangu," ilisema sauti, na kila mkwaruzo ulikuwa pale. Ilipumua kwa shida pale mgonjwa alipopumua kwa shida, ikasita, ikakatika, ikakusanya nguvu na kuburutika tena, bila kupunguza hata chembe ya maradhi. Barazani mteja mmoja aliuliza ni nani huyo anayeumwa.

Dada aliziba mdomo kwa utepe wake wa kupimia. Mhandisi hakuthubutu kuinua macho. Mama Kipaza alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. Kisha akachukua chaki, akaandika polepole, akaugeuza ubao ili mwanawe asome: *Huyu ni nani?*

Mhandisi aliisogeza kompyuta kando. Alipiga magoti, akakiweka kichwa chake mapajani mwa mama yake juu ya vumbi la chaki, akalia kwa kwikwi, na mkono wa mama ukampapasa kisogoni. Angetoa kila alichonacho apate tena ile sauti ya ndani ya pipa, kavu, isiyopanda wala kushuka, iliyokuwa ya mama yake. Alikuwa nayo mkononi, akaitupa mwenyewe kwa kitu kilichokuwa kikipita. Usiache mbachao kwa msala upitao.